TV mpya Bulongwa: kabla hujalipia inchi, tazama nyaya

Desemba ndiyo mwezi wa TV Bulongwa. Watoto waliotoka kwenda kutafuta maisha, wa dukani Makambako, wa Mbeya, wa Kariakoo, wanarudi nyumbani kula sikukuu, na kwenye mizigo yao hukosi boksi moja refu, jembamba, limezungushiwa kamba. Ni la baba na mama. Mwaka juzi lilikuja godoro, mwaka jana mabati, mwaka huu ni flat. Kwa msomaji wa mbali: Bulongwa iko wilaya ya Makete, mkoa wa Njombe, kwenye milima ambako Juni na Julai unaweza kuamka ukakuta barafu nyembamba imelala juu ya majani ya viazi.

Shida ni kwamba Desemba hiyohiyo iko ndani ya msimu wa radi. Nyanda za Juu Kusini mvua zake zinaanza Novemba hivi na kwenda hadi Aprili, na ngurumo zinakuja nazo. Yaani TV inaingia nyumbani katika miezi mibaya kuliko yote ya mwaka kwake. Halafu Januari, mtoto akiwa amesharudi kwenye biashara zake, inaingia simu: "Mwanangu, ile TV imezima. Hata kale kataa kekundu hakawaki."

Kwa familia inayoishi kwa viazi na mbao, hiyo si hasara ndogo. Na mara nyingi hasara hiyo ilianza dukani, pale mnunuzi alipouliza "hii ni 4K?" na "hakuna ya inchi kubwa zaidi?" bila kuuliza chochote kuhusu nyaya mbili zitakazoingia nyuma ya hiyo TV. Nitasema mapema ninachoamini: kwa nyumba ya Bulongwa, hela ya kutoka inchi 43 kwenda 55, au kutoka Full HD kwenda 4K, ina kazi nzuri zaidi kwenye zile nyaya. Tuanze na macho ili uone kwa nini hutapoteza kitu.

Jicho lina kikomo

Picha ya TV ni nukta ndogondogo zilizopangwa kwa mistari. Full HD ina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo. 4K ina 3840 kwa 2160, yaani mara nne ya jumla. Inasikika ni nyingi, na ni nyingi kweli. Swali ni kama utaziona.

Jicho lenye afya linaweza kutenganisha vitu viwili vikiwa vimeachana kwa pembe ya takriban moja ya sitini ya digrii. Kwa lugha ya nyumbani, ni pengo la milimita 1 ukilitazama kutoka mita 3 na nusu hivi. Pengo likiwa dogo zaidi ya hapo, jicho linaunganisha viwili kuwa kimoja.

Sasa chukua TV ya inchi 43. Inchi hizo zinapimwa kona hadi kona, kwa hiyo upana wa kioo ni kama sentimita 95. Gawanya kwa nukta 1920, kila nukta inakuwa na nusu milimita. Nukta ya nusu milimita inapotea machoni ukiwa mbali zaidi ya mita 1.7. Kochi la sebuleni kwako liko umbali gani? Sebule nyingi ninazozijua ni mita 2 na nusu, au 3 kama kochi limegusa ukuta wa nyuma. Maana yake ukiwa hapo Full HD tayari imelizidi jicho lako, na 4K inakuongezea nukta usizoweza kuziona. Kwa inchi 55 mpaka unasogea hadi mita 2.2. Kwa inchi 32, hata zile za bei ya chini zenye nukta 1366 kwa upana, mpaka ni mita 1.8 hivi. Nani anakaa karibu hivyo, zaidi ya watoto wakati wa katuni?

Halafu kuna suala la kinachorushwa. Chaneli ya ubora wa kawaida kwenye king'amuzi ina nukta 720 kwa 576, jumla kama 415,000. Kioo cha 4K kina nukta milioni 8.3. Gawanya: kwa kila nukta moja iliyotumwa, TV yenyewe inabidi ibuni nyingine 19. TV za gharama hubuni vizuri. Za bei ya chini hubuni vibaya, ndiyo maana mpira wa ligi ukiutazama kwenye 4K ya bei nafuu nyasi za uwanja zinageuka uji wa kijani. Ile TV ya chogo aliyokuwa nayo mzee ilikuwa inaficha huu udhaifu kwa sababu kioo chake chenyewe kilikuwa na ukungu kidogo.

Kuna atakayesema atatazama 4K kwa intaneti. Sawa, tupige hesabu. Video ya 4K inahitaji kama megabiti 15 kwa sekunde. Kwa saa moja hizo ni karibu gigabaiti 7. Nikuachie wewe na bando lako.

Dukani, badala ya kuangalia ile video ya maua na kasuku wanayoiweka kung'arisha TV zote, kuna mambo ya kufanya yasiyogharimu kitu. Nenda na futi kamba. Inchi 32 ni sentimita 81 kona hadi kona, inchi 43 ni 109, na unapima kioo bila fremu. Omba wafungue menyu ya mipangilio na usome idadi halisi ya nukta, maana kibandiko kinachosema "inakubali 4K" kinaweza kumaanisha tu kwamba TV inapokea mawimbi ya 4K kisha inayapunguza yatoshe kwenye kioo kidogo. Chuchumaa uitazame kwa chini, simama pembeni uitazame kwa ubavu. Vioo vingine rangi zinapauka ukitoka katikati, na kwa nyumba ambayo majirani wanakuja kuangalia taarifa ya habari wakikaa hadi mlangoni, hilo ni kubwa kuliko 4K.

Kisha igeuze. Nyuma kuna kibandiko kidogo ambacho muuzaji hakitaji kabisa. Tafuta namba za volti.

Waya wa kwanza: umeme wa ukutani

Kama kibandiko kinasema 100–240V, hiyo TV ina saketi ya umeme inayojirekebisha. Umeme ukishuka hadi volti 150 jioni wakati kijiji kizima kinapika na kupiga pasi, yenyewe inaendelea. Kama kinasema 220–240V, ni nyeti zaidi kwa umeme mdogo. Kwa mahali ambapo nyumba iko mwisho wa laini, mbali na transfoma, mimi ningechagua ile ya kwanza hata kama inchi zake ni pungufu.

Lakini umeme mdogo kwa kawaida si muuaji. Muuaji ni umeme kuzidi, na inafaa kuelewa unavyozidi, kwa sababu watu wengi wanadhani ni suala la bahati.

Volti 230 tunazozitaja ni aina ya wastani. Umeme wetu unapanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, na kileleni unafika volti 325. TV inachukua kilele hicho na kukihifadhi kwenye kapasita, kile kikopo cheusi au cha bluu utakachokiona fundi akifungua. Kapasita hiyo mara nyingi imeandikwa volti 400 au 450. Kwa hiyo kuna nafasi ya kupumua, ila si kubwa: umeme wa ukutani ukifika 300, kilele ni 424. Ukifika 400, kilele ni 566, na hapo kikopo kinavimba au kinapasuka kwa mlio.

Volti 400 zinatoka wapi? Zipo siku zote, juu ya nguzo. Laini ya mtaani ina nyaya tatu za moto na mmoja wa nyutro. Kati ya waya wowote wa moto na nyutro kuna 230. Kati ya moto na moto kuna 400. Nyumba yako imeunganishwa kwenye moto mmoja na nyutro. Ya jirani huenda iko kwenye moto mwingine, ila nyutro mnatumia ileile. Sasa upepo upige, tawi la mpaini liangukie laini, nyutro ikatike. Ghafla nyumba yako na ya jirani zinakuwa zimefungwa mfuatano kati ya nyaya mbili za moto, mnagawana volti 400. Na hamgawani sawa. Mwenye mzigo mkubwa anapata volti kidogo, mwenye mzigo mdogo anapata nyingi. Jirani anachemsha maji ya kuoga kwa hita, jambo la kawaida kabisa kwenye baridi ya Makete. Wewe umewasha TV na taa mbili tu. Karibu zote 400 zinakuja kwako.

Dalili yake ukiikuta, usisubiri: taa zako zinawaka kupita kiasi huku za jirani zimefifia. Zima swichi kuu, piga simu TANESCO, wajulishe na majirani.

Kwa hili kuna dawa, na ni ile ambayo mtaani tunaiita TV guard. Ndani yake kuna kipimo cha volti na swichi ya sumaku. Volti zikipanda au kushuka kupita mipaka inakata, na umeme ukirudi inasubiri kwanza utulie kabla ya kuruhusu. Huo muda wa kusubiri watu wengi wanaona ni ubovu. Sio. Umeme unaporudi baada ya kukatika huwa unayumba, na ndio wakati wa hatari. Ekstensheni ya matundu sita yenye taa ya rangi haifanyi kazi hii, hata kama imeandikwa neno gani kwenye boksi. Kama bajeti inabana, shuka inchi kumi upate guard ya maana.

Waya wa pili: dishi

Bulongwa huwezi kutegemea antena ya kawaida kama mtu wa tambarare. Mawimbi ya TV ya ardhini hupenda kuonana uso kwa uso na mnara, na milima haitoi ruhusa. Ndiyo maana karibu kila bati lenye TV lina dishi. Setilaiti ziko juu ya ikweta, kilomita karibu 36,000 kutoka ardhini, na sisi tuko kusini ya ikweta, kwa hiyo madishi yetu yote yanatazama upande wenye kaskazini ndani yake. Ya Azam, ambayo inapokea kutoka setilaiti iliyo nyuzi 7 mashariki, kwa Bulongwa inaelekea magharibi ikiegemea kaskazini kidogo, kimo cha nyuzi kama 57. Ya DStv, nyuzi 36 mashariki, iko karibu utosini: nyuzi kama 79. Fundi akikufungia dishi linalotazama Ziwa Nyasa kusini, mlipe nauli arudi kwao.

Mvua kubwa ikianza, picha inakatika kabla hata tone halijagonga bati. Wengi wanalaumu kampuni. Mawimbi haya yana urefu wa sentimita 2.5 hivi, na matone ya mvua yanayanyonya na kuyatawanya. Wingu zito likiwa upande ule dishi linakotazama, tayari lipo njiani hata kama kwako kumekauka. Ni ishara nzuri, kwa kweli. Picha ikianza kukatika vipandevipande, chukulia umepewa taarifa ya mapema, kisha fanya nitakachokueleza sasa.

Radi. Kuna wanaosema radi hutumwa. Mimi nitazungumzia njia inayopitia tu, maana iwe imetumwa au haikutumwa, kwenye TV inafika kwa waya. Si lazima ipige nyumba yako. Mkondo wa radi huwa makumi ya maelfu ya ampea, na unapanda hadi kileleni ndani ya milioni chache za sekunde. Mkondo unaobadilika haraka hivyo unaamsha volti kwenye kila waya mrefu ulio karibu, na waya wa dishi, mita 15 au 20 kutoka juu ya bati hadi sebuleni, ni waya mrefu. Volti hizo zinashuka hadi kwenye king'amuzi, zinakiua, kisha kupitia kebo ya HDMI zinaingia kwenye bodi kuu ya TV.

Hapa guard haikusaidii, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni wazi: guard iko kwenye umeme, radi imekuja kwa dishi. Ya pili ni kasi. Swichi yake ya sumaku inahitaji maelfu ya milioni za sekunde kufunguka. Radi imeshapita na kuondoka wakati guard ndiyo kwanza inaanza kushtuka. Guard nyingine zina kidonge kinachoitwa varista ambacho ni chepesi kuliko swichi na hupunguza makali kiasi, ila kwa radi ya karibu kidonge hicho kinakufa pamoja na TV.

Kinachofanya kazi ni nafasi ya hewa. Chomoa plagi ya umeme ukutani, na chomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Vyote viwili. Wengi wanazima swichi tu, au wanachomoa umeme na kusahau dishi. Wakati wa kuchomoa ni kabla ya mvua kufika, si katikati yake, kwa kuwa huo waya ulioshika mkononi ni waya uleule ninaouongelea. Ukiona mwanga, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo, gawanya kwa tatu, umepata kilomita. Sekunde 30 ni kilomita 10. Ikifika hapo, TV iwe imeshachomolewa. Ikiwa chini ya hapo na ulikuwa umesahau, iache. Ikiungua ni TV tu.

Wazee wengi hufunika kioo na TV kwa kitambaa wakati wa radi. Ile nusu ya desturi yao inayosema "zima kila kitu, tulieni" ni elimu nzuri sana. Kitambaa chenyewe hakizuii volti. Mwambie mama kwa adabu kwamba akishachomoa nyaya zote mbili, akitaka kufunika afunike.

Dishi pia linafaa kuwa na ethi: waya mnene kutoka kwenye mguu wa dishi hadi kwenye ethi ileile ya nyumba. Hiyo ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni. Ethi mbili tofauti zisizounganishwa zinaweza kuleta shida zaidi, kwa kuwa radi ikipiga jirani ardhi yenyewe inakuwa na volti tofauti kati ya pointi moja na nyingine.

Urefu na baridi

Sehemu kubwa ya Makete iko juu ya mita 2,000. Kwa kimo hicho hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 20 kuliko Dar es Salaam. Mama anajua hili bila fizikia, kwa sababu maharage hayaivi: maji yanachemka kwenye nyuzi 93 badala ya 100.

Kwa TV, hewa pungufu inamaanisha vitu viwili. Hewa ndiyo inayobeba joto kutoka ndani, kwa hiyo ubaridishaji unapungua. Na hewa ndiyo inayotenganisha pointi za volti kubwa na ndogo ndani ya saketi. Ikiwa nyepesi, elektroni zinasafiri mbali zaidi kabla ya kugongana na kitu, zinapata nguvu zaidi, na cheche inaruka kirahisi. Viwango vya usalama vya vifaa vya umeme kwa kawaida vinachukulia mwisho wa mita 2,000, na TV nyingine zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la China utazikuta na alama ya mlima inayosema hivyo. Zile TV za plazma za zamani zilikuwa na kituko chao: huku juu zilikuwa zinavuma kama nyuki, kwa sababu gesi iliyofungwa ndani ya kioo ilikuwa imepangwa kwa mgandamizo wa hewa ya chini.

Sitaki kutisha mtu. TV za LED zinaishi Makete miaka mingi, na baridi ya nje inafidia wepesi wa hewa. Inachoharibu hesabu ni kile kitambaa kizuri cha kufuma. Kwenye TV ya chogo kilikuwa kinakaa juu kama kofia. Kwenye flat kinaning'inia na kuziba matundu ya nyuma, na moto unabaki ndani. Kifunike TV ikiwa imezimwa na kupoa, basi.

Baridi nayo ina mtego wake siku ya kwanza. TV imesafiri usiku kutoka Makambako, imefika asubuhi ikiwa na nyuzi 8. Sebuleni jiko la mkaa linawaka, chai inachemka, hewa ni nyuzi 20 na ina unyevu mwingi, tuseme asilimia 70. Hewa ya namna hiyo inaanza kutoa umande ikigusa kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 14 hivi. Ni kama mtu wa miwani anapoingia jikoni akitoka nje. Umande huo unashika kwenye kioo, na unashika kwenye bodi za ndani usikokuona. Ukiichomeka hapohapo kwa sababu watoto wanapiga kelele, unapitisha umeme kwenye bodi yenye maji. Iache ndani ya boksi lake, sebuleni, saa tano au sita ipate joto polepole. Na njiani isilazwe: isimame wima, kwa kuwa kioo ni chembamba na barabara ina matuta.

Nani anakula uniti?

Watu wanaogopa flat itamaliza Luku. Flat ya inchi 32 inatumia wati 40 hivi. Ukiiwasha saa tano kwa siku ni uniti 6 kwa mwezi. King'amuzi kinatumia wati 10 tu, lakini kwa nyumba nyingi kinawaka saa 24, na kukizima kwa rimoti mara nyingi hakupunguzi kitu cha maana. Wati 10 mara saa 24 mara siku 30 ni uniti 7.2. Kale kadogo kanakula kuliko TV yenyewe. Kwa aliye kwenye daraja la uniti 75 kwa mwezi hiyo bado si hela ya kulia, ila kama uko karibu na 75, hizo saba zinaweza kukuvusha upande wa pili ambako bei ya uniti ni zaidi ya mara tatu.

Kwenye sola ndiyo inauma. Betri ya asidi ya 12V, 100Ah, ukitumia nusu yake ili isife mapema, inakupa kama wati-saa 600, na kwenye baridi inatoa pungufu. Inveta nayo inakula sehemu yake. TV na king'amuzi vyenye jumla ya wati 52 vitakaa saa tisa au kumi, lakini king'amuzi kikiachwa kikiwaka usiku kucha, asubuhi umepoteza karibu saa mbili za TV bila mtu kutazama. Kwa kitongoji kisicho na laini ningenunua TV ndogo inayotumia volti 12 moja kwa moja, bila inveta kabisa.

Sauti ipo, picha hakuna

Ikitokea hivi, usikubali haraka kwamba kioo kimekufa. Kioo cha TV hakitoi mwanga chenyewe. Nyuma yake kuna mistari ya taa ndogo za LED zilizofungwa mfuatano kama taa za Krismasi za zamani. Moja ikiungua, mstari mzima au zote zinazimika, na TV inabaki inaongea gizani. Subiri usiku, zima taa ya chumba, washa tochi ya simu na uisogeze karibu kabisa na kioo kwa pembe. Ukiona watu wanatembea kwa mbali kama vivuli, kioo ni kizima na ugonjwa ni taa. Hiyo inatengenezeka Njombe kwa gharama ndogo kuliko kioo kipya. Mwambie fundi abadilishe mistari yote badala ya kurukia taa moja, kisha ingia kwenye menyu ushushe mwanga wa nyuma hadi nusu. Dukani wanauweka mwisho ili TV ing'ae kushinda za jirani zake. Sebuleni Bulongwa, saa mbili usiku, hakuna TV nyingine ya kushindana nayo.